Tela Letu, Springi Zake na Hela ya Msingi

Nimeungua jua kidogo tu, maana mwezi uliopita nimeshinda sana kwenye vumbi la Handeni. Wengi mmeniuliza mbona nimekuwa kimya kuhusu lile tela letu la kulala. Nilinyamaza kwa sababu tela lilikuwa limenigombanisha na mume wangu, na kama ningeandika siku zile, ningeandika kwa hasira. Sasa hasira imepoa, twende.

Kwa wageni wa safu hii nirudie kidogo. Mimi na mzee wangu ni watu wa ofisini, Dar. Yeye kwao ni Kwaluguru, huko Uziguani ambako majina mengi ya vijiji yanaanza na 'Kwa': Kwamatuku, Kwamsisi, Kwamkono, mpaka mgeni unadhani umeagizwa kwa mtu, kumbe ni mahali. Huko tuna michungwa na shamba la mahindi, na tulishakataa kuwa wakulima wa simu, wale wa kumpigia kijana wa shamba na kumtumia hela huku magugu yanakula mbolea. Kila baada ya wiki mbili tunakwenda wenyewe.

Shida ilikuwa pa kulala. Nyumba ya mama mkwe ni ndogo, vyumba viwili, na jamani, mimi nimelelewa kujua kwamba kulala na mume ukuta mmoja na mkwe ni aibu. Unakohoa kwa adabu usiku kucha. Ndipo likaja wazo la tela: chumba kidogo chenye magurudumu, tukikokote nyuma ya Hilux, tukifika tunalala, Jumapili jioni tunarudi. Na pembeni tukawa tunaweka hela ya msingi, kidogo kidogo, ya nyumba yetu wenyewe kwenye kiwanja alichotupa baba mkwe kabla hajafariki. Hiyo hela ikumbuke, tutairudia.

Tela lenyewe si la kifahari. Bodi ya mabati na mbao, kitanda cha nne kwa sita, jiko la gesi la plati mbili, tangi la maji la lita 100, ekseli moja, magurudumu mawili. Lina namba yake ya usajili, maana tela nalo linasajiliwa. Usije ukafikiri unachomelea tu vyuma nyuma ya nyumba na kuingia barabarani. Fundi aliyelitengeneza alituambia kwa fahari kwamba ametuwekea springi za Canter, za majani saba kila upande. "Hizi hazivunjiki," alisema. Kweli hazikuvunjika. Kilichovunjika ni kila kitu kingine.

Safari ya kwanza nilibeba sahani kumi na mbili za udongo, zawadi ya kitchen party. Kwenye lami mambo yalikuwa shwari. Tulipoiacha lami na kuingia ile barabara ya vumbi yenye mawimbi mawimbi, nikasikia nyuma kama mtu anapiga ngoma ya debe. Tulipofika na kufungua mlango, nikahesabu sahani nne. Safari ya pili bawaba za kabati ziling'oka. Ya tatu tangi la maji likapata ufa na godoro likalowa. Ya nne, mzee alipolala chini ya tela kukagua, akaona mstari mwembamba kwenye chuma cha mkono wa tela, pale panapochomelewa na chasisi. Ufa. Chuma chenyewe kilikuwa kinakatika.

Hapo kila mmoja akawa na maelezo yake. Mimi nikasema tela ni takataka, liuzwe. Yeye akasema springi zimechoka, akaenda gereji kuongeza majani mawili kila upande, yakawa tisa. Ule ufa wakauchomelea juu juu. Safari iliyofuata, mpenzi msomaji, hata sahani za plastiki zilipasuka. Usicheke.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Tulitoka Dar alfajiri, tukapita Chalinze, tukavuka Wami. Wanaoijua njia hii wanakumbuka lile daraja la zamani, jembamba, magari yanapishana kwa zamu, na miteremko yake ya kutia kiwewe. Daraja jipya lilianza kutumika mwaka 2022 na sasa unapita hujui hata kama umevuka mto. Labda ndiyo maana tulijisahau. Mbele kidogo kulikuwa na mteremko mrefu, basi kubwa linatusukuma kwa nyuma, mzee akaongeza mwendo. Nikaona kwenye kioo cha pembeni tela linakwenda kushoto. Kisha kulia. Kisha kushoto zaidi. Mkia wa gari ukaanza kuvutwa. Mzee akakanyaga breki, na hilo ndilo lilikuwa kosa, maana tela likazidi kurusha mkia. Mbele yetu, pembeni mwa barabara, kulikuwa na bodaboda imebeba mama na mtoto mgongoni. Yule kijana aliona tunavyokuja, akaingia porini.

Hakuna aliyeumia. Tela lilitulia lenyewe mwendo uliposhuka. Tulirudi kwa miguu kuwaangalia. Mama yule alikuwa amekaa kwenye majani, anamfunga mtoto upya kwenye khanga, hata hakutugombeza. Alituangalia tu. Mume wangu alitaka kusema kitu, akashindwa, akaishia kuokota kiatu kimoja cha mtoto kilichokuwa kimeanguka na kukipangusa vumbi. Nadhani alikipangusa dakika nzima.

Tangu pale hadi Kwaluguru hatukusemeshana. Yeye alisema mara moja tu, "Ni upepo wa lile basi." Sikumjibu.

Wiki mbili zikapita mimi nimekataa kupanda gari lenye tela. Na katika wiki hizo, siku moja simu yake iko mezani, ujumbe ukaingia, nikaona picha ya vyuma vyekundu vinavyong'aa na chini yake bei. Alikuwa amewaandikia watu wa Australia kuhusu springi za tela za kisasa, zile ambazo kila gurudumu lina mkono wake, springi ya kuviringa na shokapu mbili. Bei, usafiri wa meli na ushuru ukijumlisha, ilikuwa zaidi ya nusu ya hela ya msingi. Na alikuwa ameshawaomba hati ya malipo.

Sitaki kuandika tulichosemeshana usiku ule, majirani wa chini wanajua. Ila neno lake moja lilinikaa. Alisema, "Unadhani mimi nalala? Kila nikifumba macho namuona yule mtoto." Kumbe mwenzangu alikuwa anataka kununua usingizi. Na mimi niliona mtu anayecheza na nyumba yangu.

Tukakubaliana jambo moja: kabla ya shilingi kutoka, tumuone fundi mmoja tu ambaye si rafiki yake wala si ndugu yangu. Mama mkwe ndiye aliyetuelekeza. Yuko mzee mmoja Korogwe, alisema, ametengeneza springi za malori ya mkonge tangu ujana wake. Tukalivuta tela taratibu kwa lami ya Handeni, mwendo wa arusi, taa za dharura zinawaka.

"Shikamoo, mzee." "Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni." Mzee wangu akaanza kueleza: springi, majani tisa, Australia, shokapu. Fundi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo katika mwaka mzima wa ugomvi hatukuwahi kuulizana. "Hili tela linabeba kilo ngapi?"

Tukatazamana. Mimi nikasema kama mia tano. Mume wangu akasema kama mia saba.

"Basi hamjui," alisema fundi. "Springi inanunuliwa kwa kilo, kijana. Hainunuliwi kwa sifa."

Jirani na gereji kuna mnunuzi wa mahindi mwenye mizani ya chini, ile pana ya kupimia magunia mengi kwa pamoja. Tukaomba. Tulipima hivi, na nawaelezea taratibu kwa sababu hata mwenye pikapu na tela la kubebea viti na maturubai anaweza kufanya: gurudumu moja linapanda mizani, lile lingine linapandishwa kwenye mbao za kimo kilekile ili tela lisiiname, mkono wa mbele unaegeshwa ukiwa kimo kilekile cha kufungwa kwenye gari. Unaandika. Unageuza upande. Mwisho unapima ncha ya ule mkono peke yake, pale panapokaa kwenye kifungio cha gari. Unajumlisha.

Gurudumu la kushoto kilo 455. La kulia kilo 375. Ncha ya mkono kilo 20. Jumla kilo 850.

Fundi akaishika ile karatasi, hakutazama jumla. Aliweka kidole kwenye ile 20. "Hii ndiyo iliyotaka kuwaua," alisema.

Maelezo yake ni haya. Tela la ekseli moja ni kama mizani ya sokoni: ukiweka mzigo nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi. Tela ambalo ncha yake haiegemei gari kwa uzito wa kutosha linaanza kutikisa mkia, na mwendo ukizidi au ukiwa kwenye mteremko mkia unashika kasi, springi iwe ya dhahabu au ya bati. Wamarekani, ambao wanakokota matela ya kulala kwa mamilioni, husema ncha ibebe kati ya sehemu 10 na 15 katika kila 100 za uzito wa tela. Watu wa Ulaya wanakubali pungufu ya hapo. Sisi tulikuwa na mbili na kitu. Na likishaanza kuyumba, usikanyage breki za gari kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, acha mwendo ushuke. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Fundi akamgusa bega, akasema, "Hukujua, mwanangu. Sasa unajua."

Kisha akatandika turubai. "Toeni kila kitu."

Hapo ndipo ilipokuwa kasheshe. Maana tela hili, mpenzi msomaji, kila mtu alikuwa analipakia upande wake bila kumwambia mwenzake. Chini ya kitanda, mwisho kabisa nyuma, kilitoka kichwa cha cherehani. Changu hicho. Nilikinunua kwa ajili ya wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye alikuwa anashona kwa mkono. Miezi saba nakibeba kwenda na kurudi, kila nikifika naona haya kukitoa, naogopa watasema mke wa Dar anajionesha. Likatoka sufuria la shughuli, la vikombe thelathini, ambalo sijui nilidhani nampikia nani. Upande wa mwenzangu ikatoka pampu ya maji iliyokufa, boksi la spana, mnyororo, jeki mbili. Na kule kona ya nyuma kushoto, jirani na tangi la maji, nyuma ya boksi la viatu vya shamba, ikatoka mifuko miwili ya saruji. Kilo 50 kila mmoja. Imeganda, migumu kama jiwe.

"Hii ya lini?" niliuliza.

"Ile tangi lilipopata ufa," alisema. Alikuwa ameinunua zamani, mwanzo wa mwaka, mifuko miwili ya kwanza ya msingi, alitaka anishtue siku ya kuzaliwa kwangu. Maji yakaingia, ikaganda, akaona aibu kuniambia na akaona uchungu kuitupa. Basi akaendelea kuibeba, safari baada ya safari, kilo mia moja za mawe kwenye kona mbaya kuliko zote.

Sikujua nicheke au nilie. Nilikwenda kununua soda tatu.

Niliporudi, fundi na mume wangu walikuwa kwenye springi, na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho kingetuokolea sahani zote. Walikuwa wameinua bodi kwa jeki hadi springi zikaachia kabisa, wakapima kimo, wakaishusha tena na kurudisha mzigo ndani kwa muda, wakapima tena. Springi zilishuka sentimita moja na nusu. Basi. Kilo zote zile, na chuma kimeinama kidole kimoja.

Watu wengi tunadhani springi nzuri ni ile isiyoshuka. Kumbe kazi ya springi ni kushuka. Shimo likija, gurudumu linapaswa kupanda peke yake na bodi ibaki imetulia. Springi isipocheza, gurudumu linapanda na bodi nzima, na ndani yake sahani, bawaba, tangi na mkono wa tela. Mume wangu ni mhandisi wa mitambo ya simu, si wa magari, lakini hesabu anazijua. Akatoa simu akapiga mahesabu: springi inayoshuka sentimita moja na nusu kwa mzigo wake inatikisika kama mara nne kwa sekunde. Ikishuka sentimita sita, mara mbili tu. Ile ngoma ya debe niliyokuwa naisikia ilikuwa hiyo, mara nne kwa sekunde, kwa saa nzima.

Na majani aliyoongeza? Kutoka saba kwenda tisa ni kuongeza ugumu karibu theluthi moja. Lakini unene wa jani ndio mchawi zaidi. Jani likizidi unene mara mbili, ugumu unapanda mara nane. Urefu unafanya kinyume: springi ikirefuka kwa sehemu moja ya kumi tu, ugumu unapungua karibu robo. Ndiyo maana fundi alisema tela jepesi linataka majani machache, membamba, marefu. Tulichokuwa nacho ni mengi, manene, mafupi, ya gari la tani kadhaa, yamekalia chumba cha watu wawili.

"Na shokapu za Australia?" aliuliza mzee wangu, kwa sauti ndogo. Kwenye tela letu hazikuwapo shokapu kabisa. Fundi akacheka. Shokapu, alisema, kazi yake ni kuzima mruko. Inaugeuza ule mtikisiko kuwa joto na kuutupa. Lakini inafanya kazi springi ikicheza. Ukiifunga kwenye springi isiyocheza, umefunga pambo. Kwanza springi, halafu shokapu.

Sitaki mfikiri namdharau mwenzangu kwa kuangalia ng'ambo. Vifaa vile ni vizuri, vina mahali pake. Hii shida wala haikuanza na sisi. Mwaka 1959 hadi 1960 msafara wa Wamarekani wenye matela 41 ya Airstream, yale ya bati linalong'aa kama sufuria, ulitoka Cape Town hadi Cairo, ukapitia Kenya na kukata kwenda Ethiopia kwenye njia ambazo hata malori yalizikimbia. Mwaka 1961 kampuni hiyo ikaanza kutumia ekseli ya aina nyingine, isiyo na majani kabisa: ndani ya bomba mna mipira, na gurudumu likipanda mipira inabanwa. Ni kitu kizuri, kimya, hakitaki grisi. Ila mpira ukichakaa huongezi jani, unabadilisha ekseli nzima, na kwa Kwaluguru nataka kitu ambacho kikiharibika Jumamosi, Jumapili kimepona.

Basi kazi ikawa hii. Springi za Canter zilitolewa, mwenye duka la vyuma chakavu akazinunua palepale. Zikaja za pikapu ndogo, mtumba, ndefu zaidi, majani manne. Fundi alizifungua jani moja moja, akakagua kila moja kwa kuipiga na nyundo na kusikiliza mlio. Lenye ufa linalia vibaya, alisema, kama chungu. Moja akalitupa akatafuta jingine. Bushi mpya za mpira kwenye macho ya springi, yubolti mpya. Hapo aliniita mimi niangalie, akasema yubolti zilizokwisha kufungwa na kunyooka hazirudishwi. Zikaongezwa shokapu mbili za kawaida, na vipande vya mpira mgumu juu ya ekseli, ili shimo likiwa kubwa mno chuma kisigonge chasisi.

Mume wangu akataka pia ekseli ihamishiwe chini ya springi, kama wafanyavyo wengi, tela linyanyuke lipite kwenye makorongo. Fundi akamuuliza maswali mawili: tela linakwama wapi, na mlango wake una kimo gani. Halikwami popote. Basi la nini? Ukilinyanyua, uzito unakwenda juu, linakuwa jepesi kupinduka, na mkono wake hautalingana tena na kifungio cha gari. Liliachwa lilivyo.

Ule ufa wa mkono ulichukua muda kuliko yote. Kile kibandiko cha zamani kilisagwa chote, ufa ukafuatwa hadi mwisho wake, ukachomelewa toka chini, kisha kipande cha chuma kikawekwa ubavuni. Mzee hakutaka haraka hapa, na hakutaka maneno.

Tangi la maji likahamishwa kutoka kona ya nyuma kushoto hadi katikati, mbele kidogo ya ekseli. Boksi la spana likaingia kwenye gari. Pampu ilibaki gereji. Tukarudi kwa mnunuzi wa mahindi, tangi limejaa, tumepakia kama tunavyosafiri. Kushoto 312. Kulia 308. Ncha ya mkono 66. Jumla 686. Fundi akasema, "Enhe." Hakusema zaidi.

Gharama yote, kazi na spea, ilikuwa chini ya ile bei ya kusafirishia vyuma vya Australia peke yake. Hesabu ya Dar itakuwa tofauti, na springi za mtumba ni bahati. Ukienda Gerezani au Ilala, nenda na karatasi yako ya kilo, usiende na maneno "nataka ngumu".

Kabla ya kuondoka mzee alifunga uzi mwekundu kwenye fimbo ya shokapu, chini kabisa, umebana. "Shokapu ikiingia inausukuma uzi juu. Mkifika angalieni umefika wapi. Usiposogea, springi bado ngumu. Ukifika mwisho, laini mno au mmepakia tena mawe." Alisema hivyo akimwangalia mume wangu, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya Wami.

Tukarudi Kwaluguru jioni hiyohiyo. Tulipoacha lami mzee alisimama, akapunguza upepo wa matairi kidogo kwa ajili ya mawimbi (tuna pampu ya kujaza tena kabla ya kurudi lami, hilo usilisahau, tairi laini likikimbizwa kwenye lami linachemka). Nilikuwa nimeweka sahani zangu nne zilizobaki kabatini, bila kitambaa, kwa makusudi. Mume wangu aliendesha mwendo uleule wa zamani. Nikazima redio nisikilize. Nilisikia vumbi, matairi, na mara mojamoja kitu kama mtu anayekaa kwenye kochi. Uzi mwekundu ulikuwa umepanda zaidi kidogo ya nusu ya fimbo. Sahani nne.

Njiani tuliongea. Nilimwambia sikuwa nimekasirikia springi, nilikasirika kuikuta hati ya malipo kwenye simu badala ya mdomoni mwake. Yeye akasema alijua ningekataa. Nikasema ni kweli ningekataa. Tukanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na ile saruji nayo ungeniruhusu kuitupa." Nikamwambia ningemruhusu, ila ningemcheka kwanza. Hela ya msingi sasa iko kwenye akaunti ya majina mawili, haitoki bila saini zote mbili, na mimi nami nimekabidhi ile hela yangu ya kikoba ambayo, tuseme ukweli, alikuwa haijui.

Ndani ya mlango wa tela tumebandika karatasi. Kila kinachoingia kinaandikwa na kilo zake, na aliyekiingiza anaweka herufi yake. Safari iliyopita alinikamata na blenda.

Cherehani nilimpa wifi asubuhi iliyofuata. Hakusema nimejionesha. Alisema, "Wifi, mbona umechelewa?" maana watoto walishakiona chini ya kitanda tangu Pasaka, na kijiji kizima kilikuwa kinangoja nikitoe.

Mifuko ya saruji ilirudi nasi, kwenye gari safari hii. Mume wangu alitaka kuizika nyuma ya choo. Mama mkwe akamkataza. Aliivua makaratasi, akavigeuza vile vijiwe viwili, akaviweka bega kwa bega pembeni mwa mlango wake, na juu yake akakalisha mtungi wa maji. "Haya mkamwana," aliniambia, "msingi ndio huo umeanza." Sisi wa kuchimba tutaanza baada ya mavuno. Jumamosi hii tunakwenda, na kabla ya kutoka Dar mzee anakaza tena yubolti, maana fundi alisema springi mpya zikishatembea kilomita mia za kwanza hukaa sawa na nati zinalegea.